Mlima wa Riat Haukubali Mizani Kumi na Sita

Mtu mwenye pumu haandiki mshororo mrefu ovyo. Mimi nimeishi nayo tangu utotoni, Manyatta, hapa Kisumu, na kabla sijasikia kwamba kuna kitu kinaitwa bahari ya shairi, yaani aina yake kwa umbo, tayari nilijua ni maneno mangapi yanaenea katika pumzi moja siku njema, na mangapi siku mbaya. Siku njema unamwomba mama maji kwa sentensi nzima na kumwongezea "tafadhali" juu. Siku mbaya unasema "maji" tu, tena kwa mafungu mawili.

Wasio na pumu hudhani taabu yetu ni kuvuta hewa. Taabu kubwa iko kwenye kuitoa. Njia za hewa zikibana, hewa iliyokwisha kuingia hukwama ndani, kifua kinajaa, na kila pumzi ya kutoka inakuwa ndefu, yenye mluzi. Sasa, kusema ni kutoa hewa. Hakuna anayesema akivuta pumzi, ila labda mtoto anayelia kwa kwikwi. Shairi zima, tangu silabi ya kwanza hadi kituo cha mwisho, hubebwa na hewa inayotoka. Hewa inayoingia hupenya pale ambapo maneno hayapo. Ndiyo maana nikifungua ukurasa wa shairi, jicho langu hutangulia kutafuta mahali pasipo na maneno. Wenzangu walimu hutangulia kutafuta vina, na hatujawahi kugombana kwa hilo, lakini hatusomi shairi lilelile.

Shuleni tulifundishwa mizani kwa vidole. Mwalimu anaandika mshororo ubaoni, darasa zima linainua mikono, silabi moja kidole kimoja: nane za ukwapi (nusu ya kwanza), koma, nane za utao (nusu ya pili), jumla 16, mshororo umetimia. Hata sasa ndivyo ilivyo, nami ni mmoja wa wanaofundisha hivyo, kwa sababu karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina swali la ushairi na mwanafunzi lazima ajue kulijibu. Aliyeandaliwa vizuri ataliona shairi la arudhi, lile linalofuata kanuni za vina na mizani, atahesabu, atataja tarbia (mishororo minne kwa ubeti), atapata alama zake na kurudi nyumbani bila kufungua mdomo. Sidharau kuhesabu. Ila vidole vinahesabu silabi tu, na silabi hazilingani uzito.

Chukua kipande hiki: *Hawatanisindikiza*. Ni neno moja, mizani nane kamili. Chukua na hiki: *Yaja, yenda, yaja, yenda*. Nacho ni mizani nane. Kwa mtahini vinalingana. Kwa ulimi havilingani hata kidogo. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo lile neno refu lina pigo kuu moja tu, pale kwenye *ki*, na silabi sita zilizotangulia zinakimbia kulifuata pigo hilo bila kugusa chini. Kipande cha pili kina mapigo manne, na kila pigo linakulazimisha utue. Cha kwanza unakitoa kwa mkupuo. Cha pili kinakufanya utwete, hata ukiwa na mapafu ya mwanariadha.

Huu hapa ubeti nilioutunga usiku mmoja nikiwa nimeketi kitandani, kwa kuwa kulala chali hakukuwezekana. Madirishani kulikuwa bado na giza na nilijua wavuvi wa Dunga wameshaingia majini:

*Hawatanisindikiza, walioshuka ziwani,*
*Wameondoka na giza, nyavu zao mabegani,*
*Nami hapa nasikiza, kasia na maji chini,*
*Yaja, yenda, yaja, yenda, hewa yangu kifuani.*

Sio ubeti wa kutikisa dunia. Nautaja kwa sababu ya kitu alichokigundua mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mvulana ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kuchora magari. Niliwaambia wapige makofi kwenye mikazo ya ukwapi peke yake, wauache utao. Mshororo wa kwanza: kofi moja. Wa pili: mawili, *-ndo-* na *gi-*. Wa tatu: matatu. Wa nne: manne. "Mwalimu, unapanda ngazi," akasema. Mizani haikubadilika hata mara moja, nane, nane, nane, nane, na huku pumzi inazidi kukatwa vipande vidogovidogo kadiri ubeti unavyokwenda. Utao nao unatembea taratibu, mapigo mawili kisha matatu hadi mwisho. Sikuupanga hivyo. Ulipangwa na kifua kilichokuwa kinabana nilipokuwa nautunga, na kama ningekuwa nimelala salama usiku ule nadhani mshororo wa nne ungetoka na maneno marefu mawili ya kistaarabu.

Tangu siku hiyo darasa langu hupiga makofi kabla ya kuhesabu vidole. Naibu mwalimu mkuu hapendi kelele.

Kuna hesabu nyingine ninayoipenda. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, yaani pumzi moja huchukua sekunde tatu hadi tano. Ghani mshororo wa mizani 16 bila haraka, ukiitazama saa. Utakuta umo humohumo. Wahenga hawakuhitaji saa. Kifua walikuwa nacho.

Aliyenionyesha haya kwa vitendo alikuwa maalim mmoja mstaafu wa madrasa kule Mumias, rafiki wa marehemu baba. Mumias iko mbali na pwani, lakini misafara ya biashara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipita hapo enzi za Nabongo Mumia wa Wanga, na misafara ilipokwisha, Uislamu na Kiswahili vikabaki. Maalim alizaliwa hapo. Mashairi alijifunza kwa masikio, na daftari zake aliziandika kwa hati za Kiarabu ambazo mimi siwezi kuzisoma. Nilimpelekea shairi langu likiwa limepigwa chapa vizuri. Akalitazama, akanirudishia.

"Mwanangu, hili nimeliona. Sasa nataka kulisikia."

Nikaanza kulisoma kama tunavyosoma darasani, sauti inapanda kwenye koma na kushuka kwenye kituo. Akainua mkono. "Hiyo taarifa ya habari. Ghani."

Akaghani yeye kwanza, beti za utenzi alizokuwa nazo kichwani. Utenzi ni bahari ya vipande vifupi: ubeti mmoja una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vinakubaliana vina, na cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima, kinachorudi ubeti baada ya ubeti hata ziwe mia tano. Alikuwa na mahadhi yake, yasiyobadilika. Nilichokuwa nikikiangalia ni mabega, maana mwenye pumu hutazama mabega ya watu. Yake hayakupanda. Alitoa vipande viwili kwa pumzi moja, na kila alipofika kwenye kina aliivuta ile irabu, akaiacha ielee, akamalizia humo hewa yote iliyobaki. Hewa ikiisha, mwili wenyewe unavuta nyingine. Hakuna haja ya kugugumia. Kwa namna hiyo kina hukaa mahali ambapo pumzi inaishia, na sikio linakishika kwa sababu ndiyo sauti ya mwisho kabla ya kimya. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na irabu inavutika. Jaribu kuvuta *t*.

Wanafunzi wanaosoma shairi mbiombio huviua vina hivi kisha wanalalamika kwamba ushairi wa zamani unachosha.

Nilimwuliza kuhusu kibwagizo. Vitabu vya shule vinasema kibwagizo husisitiza ujumbe, nami nimeandika sentensi hiyo ubaoni nisijue mara ngapi. Maalim hakuikataa, ila alikuwa na sababu iliyo karibu zaidi na mwili. "Hapo watu wanaitikia," akasema, "mimi napumua." Malenga anayeghani mbele ya hadhira usiku mzima hawezi kubeba kila mshororo. Mshororo unaorudi ni ule ambao watu wanaushika kichwani haraka, wanaubeba wao, na yeye anapata nafasi ya kutua na kukumbuka ubeti unaofuata. Ujumbe unasisitizwa, ndiyo, kwa sababu sasa unatoka katika vifua mia badala ya kimoja.

Ukitaka kuliona hilo bila kwenda madrasa, katazame isukuti huko Kakamega, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na watu huziita baba, mama na mtoto. Mwimbishaji anatupa mstari wake huku akikimbia mchakamchaka, mabega yanaruka, na anawezaje kuimba akiruka hivyo? Kwa sababu umati unamjibu, na jibu halisubiri amalize; linamdaka mwishoni mwa mstari. Hapo anavuta hewa. Ukisikiliza kwa makini utasikia kwamba wimbo wenyewe haupumui kamwe. Watu ndio wanaopumua, kwa zamu.

Miguu nilifundishwa na Mjaluo mpiga nyatiti, mzee wa mtaani kwetu ambaye jioni alikaa nje kwenye kigoda chake kifupi na sisi watoto tukamzunguka. Nyatiti ina nyuzi nane. Mikono ilikuwa na kazi yake kwenye nyuzi, sauti ilikuwa na kazi yake, na mguu ulikuwa na ya tatu: njuga za *gara* zimefungwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu pete ya chuma, *oduong'o*, inayogonga ubavu wa chombo. Mguu haukukosea. Sauti yake, kinyume chake, ilikuwa ikichelewa, ikiwahi, ikinung'unika, ikisimama kabisa. Mtu akitaka kujisifu au kumsifu rafiki, anausimamisha muziki katikati, anatupa majina ya kupamba moja baada ya jingine, ile wanayoiita *pakruok*, watu wanacheka, kisha nyuzi zinaendelea pale zilipoachia. Na mzee hakuonekana kukerwa. Alikuwa anapumzika.

Nilipokuwa mkubwa, nikiwa nakariri mashairi yangu mbele za watu, nilirudi kumwona. Nilimwambia kwamba nikisimama jukwaani kifua kinafunga hata siku ambazo pumu imelala. Hakuniuliza kuhusu kifua. "Nyathina," yaani mwanangu, "ukisoma, miguu yako inafanya nini?" Ilikuwa haifanyi chochote, ilikuwa imepigiliwa sakafuni, magoti yamekaza. Akanifanya nisimame hapo uani nihamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine kila nilipofika koma ya katikati, polepole, kiasi ambacho mtu aliyeketi mbele hawezi kukiona. Goti likilegea, kiuno kinalegea, na tumbo linapata nafasi ya kushuka hewa inapoingia. Hilo la tumbo ni maelezo yangu ya baadaye. Yeye alisema tu kwamba mguu ukishika saa, sauti inaweza kuchelewa bila kupotea.

Ushauri wake ndio ulionifanya nianze kutunga nikitembea. Njia ya kando ya ziwa ni tambarare, na huko mishororo mirefu inakuja yenyewe, nane kwa nane, hatua moja kwa kila pigo. Nikielekea upande wa Mamboleo na kuanza kuupanda mlima wa Riat mambo yanabadilika. Mlima ule haukubali mizani 16. Nimejaribu. Kufikia nusu ya utao mdomo unakuwa wazi na hakuna kinachotoka. Unakubali nane, siku nyingine sita. Beti zangu zote za kipande kifupi nilizozitunga kwa miaka hii zimetoka kwenye mteremko ule, na huwa zina hasira kidogo, sijui kwa sababu ya mada au kwa sababu ya malori ya mchanga yanayonipita yakitoa moshi.

Sasa watoto. Kila mwaka tunawaandaa kwa mashairi ya kwaya katika tamasha, kuanzia ngazi ya zoni, na mwaka mmoja tukaalikwa na shule moja ya Nakuru tukafanye nao mazoezi ya pamoja. Unawatoa watoto Kisumu, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, unapanda nao kupitia Kericho ambako barabara inapita mita 2,000, halafu unawashusha Nakuru, ambayo nayo iko kwenye mita 1,850 hivi. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ya Nakuru, ile kavu inayokwaruza koo. Shairi ambalo nyumbani walikuwa wakilisukuma bila shida liliwashinda ubeti wa kwanza, mshororo wa tatu. Hewa huko ni nyepesi kidogo, lakini sitaki kuitupia lawama yote. Woga hula hewa kuliko mwinuko. Mabega arobaini yalikuwa yamepanda hadi masikioni.

Niliwafundisha kitu nilichofundishwa na muuguzi wa kliniki ya pumu alipokuwa akinionyesha kutumia inhela. Watu wengi huitikisa, wanaiweka mdomoni na kubonyeza. Yeye alinishika mkono: "Toa kwanza." Unaitoa hewa yote taratibu, ndipo unafunga midomo kwenye inhela, unabonyeza ukianza kuvuta polepole, kisha unaishikilia kama sekunde kumi. Kwaya nayo ni hivyo. Kabla ya silabi ya kwanza usiwaambie watoto "vuteni pumzi"; watainua mabega na kujaza shingo. Waambie watoe. Mwili uliokwisha hewa huvuta wenyewe, na huvuta chini, tumboni, mahali panapofaa. (Na kwa mwenye pumu anayesoma hapa: haya ni mazoezi ya shairi. Inhela yako ibaki mfukoni.)

La pili lilikuwa kupokezana pumzi. Kwaya ikipumua yote kwa pamoja kwenye kila koma, shairi linachechemea na hadhira inasikia ile *hhh* ya watu arobaini. Sheria ni moja: usipumue jirani yako anapopumua. Iba pumzi katikati ya kipande, hata katikati ya neno, acha silabi moja ipite bila wewe, kisha rudi kimyakimya. Watoto walipenda sana kuambiwa waibe kitu. Ndani ya saa moja mshororo wa tatu ulikuwa unapita bila mshono. Pale kwenye kibwagizo tu ndipo nilipowataka wapumue wote pamoja kabla ya kuanza, makusudi, kwa kishindo, ili hadhira nayo ijikute imevuta.

Kuhusu ishara nitasema machache kwa sababu nikianza sitakoma. Katika mashindano yetu kuna ugonjwa wa kumfundisha mtoto akisema "moyo" ajiguse kifua, akisema "mbingu" aonyeshe juu, akisema "wewe" amnyooshee jaji kidole, na akisema "hapana" atikise mkono, hadi shairi zima mtoto anakuwa kama askari wa trafiki pale Kondele saa kumi na moja jioni. Mikono hiyo inakata pumzi. Ukiinua mkono ghafla juu ya kichwa mbavu zinahama, na neno linalofuata linatoka limebanwa. Mwendo unaofaa shairi huanzia kwenye kuhema: kifua kinafunguka, kichwa kinafuata, labda mkono. Mkono uje wa mwisho au usije. Nimewaambia majaji hivi usoni, na wapo wanaokubaliana nami wakiwa kwenye chai.

Vijana wa mashairi huru huniuliza kwa nini nahangaika na mizani. Mjadala huo ni wa zamani. Diwani ya mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, *Kichomi*, ilitoka mwaka 1974 na wapenzi wa arudhi hawakuipokea kwa shangwe. Mimi sina ugomvi na mashairi huru, nayaandika. Ninachowaambia ni kwamba arudhi ilikuwa ikikuonyesha mahali pa kupumulia, na ukiiacha ni lazima upaonyeshe wewe. Ukikata mstari, umenipa amri. Angalia:

*treni haijafika lakini reli*
*tayari inatetemeka*

Mstari wa kwanza ni mshata, haujitoshelezi. Msomaji mvivu atavuta pumzi baada ya *reli* na treni itakuwa imeshapita. Pale pana kituo lakini hapana pumzi: unasimama na hewa ikiwa imefungwa ndani, nusu sekunde, na aliyekaa mbele yako anafunga yake bila kujua. Kusimama na kupumua ni vitu viwili. Vijana wengi ninaowasikia majukwaani Kisumu na Nakuru wanavichanganya. Wanaghani kwa kasi ya kufokafoka, hawasimami popote, kisha hewa inawaishia kwenye kiunganishi, na wanavuta pumzi baada ya "na" au "ya", mahali ambapo maana imening'inia. Makofi wanapigiwa. Ukiwauliza waliosikiliza shairi lilihusu nini, wanasema lilikuwa moto.

Ila kanuni zangu hizi zote zilikutana na msichana mmoja wa kidato cha pili, nyumbani kwao ni tambarare za Nyando, kule mto unakovunja kingo mvua zikizidi. Aliniletea mstari mmoja, na naunukuu namna alivyouandika kwa ruhusa yake:

*maji yakaingia mlangoni yakapanda kitandani yakabeba sufuria yakabeba daftari yakabeba kuku na jina la kuku*

Hakuna koma. Nikamwambia achague: akate mistari minne, au tuugawe kwa sauti tatu zipokezane. Alikataa yote mawili. Alisema yeye alikuwa peke yake chumbani. Nikamwuliza basi atapumua wapi, akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, siku ile hapakuwa na pa kupumulia." Akausimamia jukwaani kwa pumzi moja, magoti yamelegea kama nilivyomfundisha, na ilipofika "na jina la kuku" sauti ilikuwa imekwisha, maneno yanasikika kwa midomo tu. Mimi nilishika inhela yangu. Jaji aliandika kwenye fomu: *apangilie pumzi*.

Mwaka uliofuata aliuleta tena. Ule mstari mrefu hakuwa ameugusa hata silabi moja. Juu yake alikuwa ameongeza neno moja, peke yake, na nukta: *Nyando.* "Hapo ndipo navuta," akasema. "Wakitaka pumzi, ipo hapo." Tulimpeleka zoni hivyohivyo.